Miaka Tisa ya Kumpigia Yadda Picha za Mbingu

Mnisamehe, wanangu, lakini kati ya kazi zote nilizofanya huku Doha, iliyonitia hofu kuliko zote ilikuwa ya kutembea na kupiga picha mawingu.

Najua mnavyotazamana. Nawaona kila Ijumaa mnapokuja hapa Al Mansoura kwa binti yangu na mumewe, ninakoishi sasa baada ya kustaafu. Wengine mnatoka Tanga, wengine Unguja, wengine Mombasa, na wengine hata iqama zenu, vile vibali vya kuishi huku, bado mpya. Mnaniuliza, "Bibi, wewe ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikijibu kwamba nilikuwa nampigia mgonjwa picha za mbingu, mnadhani nimeanza kupoteza kumbukumbu. Basi binti yangu akaniletea daftari. "Andika, mama," akasema, "maana ukisimulia unarukaruka." Nitarukaruka na humu pia. Umri huu hauna breki.

Nilitoka Kondoa kuja kumtunza bibi mmoja aliyepigwa na kiharusi. Nyumba yao ilikuwa Umm Salal, ya mwisho kabisa mtaani. Ukitoka geti la nyuma unakuta njia ya kokoto, kisha mashamba ya mitende yenye kuta ndefu, kisha uwanda mtupu mpaka macho yachoke. Wajukuu walimwita Yadda, ndiyo bibi kwa Kiarabu cha huku, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Upande wake wa kushoto ulikuwa umekufa, mkono na mguu. Ulimi ulikuwa mzima, tena mzima sana. Alizaliwa kwenye mahema, baba yake akihama na ngamia kufuata mvua ilikonyesha. Sasa alilala kwenye chumba chenye kiyoyozi na dirisha linalotazama ukuta.

Kila asubuhi aliniuliza kuko vipi nje, nami nikajibu, "Kuzuri, Yadda." Wiki ya pili akanirushia kikombe cha plastiki.

"Kuzuri ndiyo nini?" akasema. "Upepo unatoka wapi? Vumbi liko juu au liko chini? Una macho wewe au una vifungo?"

Mwanawe, Bu Khalid, ndiye aliyekuwa mwajiri wangu. Mtu mrefu, mwenye maneno machache, anayefunga milango polepole. Akanipa simu yake ya zamani yenye kamera nzuri. Akasema niwe natembea asubuhi na alasiri, nipige picha, mama yake ataziangalia kwenye skrini kubwa. Akaongeza masharti mawili. La kwanza, nisipige picha ya mtu wala nyumba ya mtu. La pili, Yadda asivuke geti bila yeye mwenyewe au dereva, kwa sababu kifua chake kilikuwa kibovu. Nikasema nimeelewa.

Siku ya kwanza nilileta picha kumi na mbili. Saba zilikuwa na kidole changu. Moja ilikuwa ya makalio ya ngamia, kwa sababu ngamia aligeuka nilipobonyeza. Yadda aliivuta ile picha ikawa kubwa, akaitazama kwa makini kama mtu anayesoma barua.

"Huyu ni nani?"

"Ngamia wa jirani, Yadda."

"Ukimwona tena msalimie."

Picha zilizobaki akazikataa zote. Akasema nimempa mbingu bila ardhi, na mbingu peke yake ni kitambaa tu, haimwambii kitu. "Weka kitu cha kupigwa na upepo," akaniambia. "Kuti, nguo, hata mfuko uliokwama kwenye waya. Na usinizurulie. Chagua sehemu tatu, usimame hapo hapo kila siku. Ukihamahama utaniletea picha nyingi na hutaniletea habari."

Nikachagua tanki la maji la shamba la kwanza, geti la kutu la shamba la pili, na mkunazi uliosimama peke yake uwandani, hatua kama mia nane kutoka nyumbani. Miaka tisa nilisimama sehemu hizo. Ndivyo nilivyojifunza kwamba mkunazi ule ule unaweza kuwa wa kijani saa kumi na mbili, wa kijivu saa tatu, na saa sita usionekane kabisa kwa mwanga. Nilijifunza kuangalia kivuli kabla ya kuangalia wingu. Kivuli chenye ukingo mkali, hewa ni safi. Kivuli kilichotandaa kama maji yaliyomwagika, juu kuna vumbi hata kama wewe huoni kitu.

Mengine niliyajua kwa makosa. Kiangazi, ukitoka kwenye ubaridi wa ndani kwenda kwenye mvuke wa nje, kioo cha kamera kinapiga ukungu hapo hapo. Mimi nikawa nakifuta kwa shela, na shela ina mchanga, nikakikwaruza. Kwa mwezi mzima kila picha ilikuwa na mstari katikati, na Yadda akawa ananiuliza huo waya wa umeme wamepitisha lini. Ikabidi nianze kuiacha simu nje kibarazani, kivulini, kwa dakika kumi kabla ya kutembea, ili izoee joto polepole. Na mwezi wa saba usiishike juani. Itazima yenyewe, na utabaki umesimama uwandani huna picha wala huna simu.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa niwaambie hofu.

Mwaka wa kwanza, nikiwa kwenye tanki, gari jeupe kubwa lilisimama mbele yangu. Akashuka kijana wa Kiqatari, uso ameukaza. Akasema nimempiga picha dada yake. Nikasema sijampiga mtu yeyote. Akanyoosha mkono, nikampa simu. Akasema anaita polisi. Nyinyi mmeambiwa kule uwakala kwamba kupiga watu picha huku ni kesi, lakini kuambiwa si sawa na kusimama pale, mtu ameshika simu yako na wewe hujui kilichomo.

Barasa, dereva wetu, alikuwa anaosha gari nyuma ya nyumba. Mkenya wa Bungoma, mnene, mpole, Kiarabu chake cha barabarani kinamtosha kwa kila kitu. Akaja na mikono yake yenye povu, akamwamkia yule kijana, akamweleza habari za bibi mgonjwa. Kijana akaanza kupitia picha. Tanki. Tanki. Tanki. Akafika kama ya arobaini, akaniangalia. "Una nini wewe na hili tanki?"

Lakini dada yake alikuwamo. Kwenye picha ya jana yake, pembeni kabisa, mwanamke amesimama mlangoni, mdogo kama punje ya mchele. Sikuwahi kumwona. Kijana aliifuta, akanirudishia simu, akaondoka. Barasa akasubiri mpaka gari lipotee.

"Mathe," akasema, "hii job yako itatuweka ndani sisi wote."

Tangu siku ile, kabla sijabonyeza natazama pembe nne za picha, moja baada ya moja. Katikati hapana shida, katikati unakujua mwenyewe. Hatari inakaa pembeni.

Mara nyingine ilikuwa ukungu. Yadda alipenda picha za ukungu, na baridi inapoingia huku kuna asubuhi ambazo huoni mkono wako. Nilitoka nikitembea huku nimeinamia skrini, nikifurahia jinsi mitende ilivyokuwa ikiyeyuka. Nilipoinua kichwa sikuona mtende wala ukuta. Nikaenda nilikodhani ndiko nyumbani. Chini ya miguu kokoto zikaisha, kukawa na lami, na kabla sijafikiri maana ya lami, lori likapita mbele yangu, karibu kiasi kwamba upepo wake ulilivuta baibui langu. Nilikuwa nimesimama kwenye barabara kuu. Nikarudi kinyumenyume, nikakaa chini kwenye mchanga, nikakaa mpaka jua likafuta ukungu. Nyumba ilikuwa nyuma yangu, mbali. Tangu hapo nikawa natembea nikitazama njia, na nikitaka picha nasimama. Kutembea na kupiga ni vitu viwili, usivifanye pamoja.

Nimewaambia hayo mawili ili muone kwamba nilipofika mwaka wa tisa sikuwa mgeni wa kazi. Nilikuwa nimefundishwa, nimeonywa, nimetishika. Na bado nilifanya nililofanya.

Ilikuwa mwezi wa nne. Mwezi huo huku kuna dhoruba zinazoitwa saraayat. Zinakuja alasiri, ghafla: kwanza vumbi, kisha mvua, kisha kimya kana kwamba hakukutokea kitu. Asubuhi nilimletea Yadda picha ya mkunazi, na upande wa magharibi kulikuwa na mawingu yameanza kujipanga, madogo, meupe juu na meusi chini. Akayatazama kwa muda mrefu.

"Leo itanyesha," akasema. "Nipeleke nikainuse."

Si mara ya kwanza kuomba. Alikuwa akiomba tangu baridi iishe, na kila mara nilimjibu kwamba Bu Khalid amekataa. Lakini siku ile Bu Khalid na mkewe walikuwa wamekwenda Al Wakrah msibani, na Barasa ndiye aliyewapeleka. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Nilimtazama akiwa amejiegemeza kwenye mto, mkono wake mzima ukipapasa shuka, na nikajiambia nafanya kwa huruma. Huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Nilitaka kumpiga picha chini ya ule mkunazi. Miaka tisa nilikuwa nimepiga ule mti bila mtu, na nilijua, kama vile fundi nguo anavyojua kitambaa kimepungua wapi, kwamba pale alipungua yeye.

Nikamvika, nikamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, nikamfunga mkanda, tukatoka geti la nyuma baada ya sala ya alasiri. Kokoto zilinipa kazi. Hatua mia nane za kutembea si sawa na mia nane za kusukuma. Tulipofika, Yadda akanyoosha mkono wa kulia, akavuta tawi, akachuma majani machache na kuyasugua vidoleni, akayanusa. Kisha akavua batula, ile barakoa wanayovaa wanawake wazee wa huku. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona bila batula nje ya chumba chake. Akafumba macho.

Nikapiga ya kwanza. Nikapiga ya pili kutoka upande.

Kisha upepo ukasimama. Makuti ya shambani yaliyokuwa yakisema yakanyamaza, na ndege nao. Yadda akafumbua macho, akageuza kichwa magharibi. Mimi nikageuka pia. Chini kabisa, pale ardhi inapokutana na mbingu, kulikuwa na mstari wa kahawia ambao dakika tano kabla haukuwepo.

"Turudi," akasema.

"Sawa, Yadda. Moja tu."

Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikapiga magoti ili ule mstari ukae nyuma ya mti na yeye akae mbele. Nikapiga ya tatu. Haikukaa sawa, mkono wa kiti ulikatwa na ukingo wa picha. Nikasogea kushoto. Ule mstari haukuwa mstari tena, ulikuwa ukuta, na juu yake mawingu meusi yalikuwa yanawaka kwa ndani. Wanangu, sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na ndiyo maana nawaambia. Mtu haponzwi na kitu kibaya peke yake. Nikasubiri ukuta upande mpaka kwenye matawi ya chini. Nikapiga ya nne.

"Turudi," akasema tena, na sauti yake safari hii ilikuwa ya mtu anayemwita mtoto kutoka barabarani.

Nikakimbilia kiti. Nikageuza, nikasukuma, tukaenda hatua labda hamsini, gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga. Nikavuta, nikanyanyua, nikasukuma kwa kifua. Nilisikia mlio nyuma yangu, kama maji mengi yanamwagwa kwenye bati. Kisha jua likazimwa.

Vumbi la namna ile halikupigi usoni tu. Linaingia. Niliziba mdomo, nikalisikia kwenye meno. Nilimwona Yadda kwa kugusa. Nikageuza kiti kiupe upepo mgongo, nikavua shela langu, nikamfunga uso mzima, nikapiga magoti mbele yake nikamkumbatia kichwa. Alikuwa anakohoa. Kila kikohozi kilikuwa kifupi kuliko kilichopita. Nikamwambia sikioni kwamba nitakwenda kuita watu, nyumba haiko mbali. Mkono wake mzima ukanikamata kifundo cha mkono.

"Usiende," akasema ndani ya shela. "Hutapapata tena hapa. Kaa."

Nikakaa. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nikisema dakika ishirini nadanganya, nikisema saa nzima nadanganya. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, na zilikuwa na filimbi. Kati ya pumzi na pumzi palikuwa na nafasi, na kwenye kila nafasi nilidhani imekwisha. Nilimwomba Mungu vitu vya aibu. Nilimwomba asife mikononi mwangu, yaani nilikuwa najiombea mimi. Kisha ikaja mvua ya mawe, ikatupiga, na vumbi likawa tope usoni. Kisha mvua ya kawaida. Kisha kimya.

Barasa ndiye aliyetukuta. Bu Khalid aliliona anga akiwa Al Wakrah, akapiga simu ya nyumbani, haikupokelewa. Simu yangu mtandao ulikuwa umekatika. Akamwambia Barasa arudi haraka. Barasa akakuta nyumba tupu na geti la nyuma wazi, na kwa kuwa alijua sehemu zangu tatu, akaendesha gari moja kwa moja uwandani. Alishuka, akambeba Yadda kama anabeba mtungi. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya bluu.

Hospitalini walimpeleka ndani kwenye oksijeni, wakatuambia tusubiri kwenye korido. Tope lilikuwa linanikaukia usoni. Barasa akaketi karibu yangu, akainamisha kichwa.

"Mathe, nipe simu nione."

Nikampa. Akatazama zile picha nne, akarudia ya nne.

"Hii ina saa," akasema kwa sauti ya chini. "Inaonyesha uliona hii kitu ikikuja. Na huyu mama hana batula. Umempiga uso. Futa. Zote, saa hii, boss hajafika. Halafu useme ni yeye alikulazimisha mtoke, na dhoruba ikawapata mkirudi. Hiyo yote ni ukweli, si ndiyo?"

"Karibu yote."

"Basi hiyo karibu inatosha."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananipenda, na alikuwa anaogopa kwa ajili yangu, pengine na kwa ajili yake, maana na yeye angeulizwa. Nikaichukua simu. Nikafikiria binti yangu, huyu huyu ninayekaa naye, wakati ule alikuwa mwaka wa pili chuoni. Nikafikiria chumba cha polisi, na Kiarabu changu cha jikoni mbele ya watu wenye kalamu. Nikaiweka picha ya kwanza mbele yangu, nikaifuta. Ni rahisi kweli, inachukua vidole viwili. Nikafuta ya pili. Nilipofika ya tatu kidole kikagoma. Nilikuwa najua kwamba nikifuta hizi mbili, nitakuwa nimeziweka mahali pengine ambako sitaweza kuzifikia nizifute tena. Nikakaa hivyo, simu mapajani, mpaka nikamwona Bu Khalid anakuja koridoni, kanzu yake nyeupe na viatu vyake vina tope.

"Mlikuwa wapi?" akauliza.

Nikampa simu.

Akazitazama amesimama. Ya tatu, ya nne. Kwenye ya nne alikaa muda mrefu, na mimi nilikuwa natazama viatu vyake.

"Ulikuwa unaliona hili?"

"Nililiona."

"Yeye aliliona?"

"Ndiyo."

"Alikuambia mrudi?"

Mtu mwingine aliyejua jibu la swali hilo alikuwa ndani, na mpira wa hewa mdomoni. Barasa alikohoa kidogo. Nilimsikia.

"Aliniambia turudi," nikasema. "Nikamjibu, moja tu. Akaniambia mara ya pili. Na zilikuwa nne, mbili nimezifuta sasa hivi."

Bu Khalid akatia mkono mfukoni, akatoa simu yake mwenyewe, akaiangalia, akairudisha. Kisha akasema niende nyumbani. Kwa Kiarabu alitumia neno ambalo sisi wafanyakazi tunalielewa kwa namna mbili: nyumba ile, au nyumbani kwako kabisa. Sikuthubutu kuuliza ipi.

Nikafunga begi. Siku tatu nilikaa kitandani na begi miguuni. Kila gari lililopita nililisikiliza kama linapunguza mwendo. Sikupiga picha, sikula cha maana, nilikuwa nikisali nasahau nimefika rakaa ya ngapi. Siku ya nne Barasa akaja kunichukua, na yeye hakuambiwa kwa nini. Tukaenda hospitali. Nilitoa hirizi ya mama yangu shingoni nikamwachia yeye, kwa kuwa nilisikia mahabusuni wanawavua watu kila kitu.

Chumbani Yadda alikuwa macho. Alikuwa amepungua, lakini macho yalikuwa yale yale. Bu Khalid alikuwa kwenye kiti pembeni yake.

"Mama amesema ubaki," akaniambia. "Mimi ningekuondoa. Nataka ulijue hilo."

"Nimelijua," nikasema.

Aliishi miezi saba. Simu nilirudishiwa, na matembezi nikaendelea nayo, maana aliyataka. Lakini sikuwa mpiga picha yule. Nikiona wingu ninapiga mbili nikiwa nimeshageuza mwili kurudi. Yadda aliona. "Siku hizi picha zako zina haraka," akasema, na hakunidai zaidi. Usiku nilikuwa namfunika nikisikiliza kifua chake. Madaktari walisema moyo ndio uliochoka, si vumbi. Nilikubali kwa mdomo.

Alifariki asubuhi moja ya baridi, baada ya alfajiri, mkono wake mzima ukiwa juu ya tumbo. Siku za matanga zilipokwisha, Bu Khalid aliniita majlisi, sebule yao ya wageni. Sikuwahi kuingia mle isipokuwa kufagia. Akaniambia nikae, nikakaa ukingoni mwa zulia. Akanishukuru kwa miaka yangu. Akasema amenitafutia nyumba nzuri Al Wakrah kwa watu anaowafahamu, na ndiko nilikomalizia kazi. Nikadhani ameshamaliza, nikanyanyuka.

"Ile siku ya hospitali," akasema, "namba ya polisi ilikuwa tayari kwenye simu. Nilikuwa nimeiandika nikiwa njiani."

Nikabaki nimesimama.

"Mama yangu hajawahi kukosa kuiona saraayat inakuja, tangu mtoto. Nilijua alikuambia mrudi. Nilikuuliza nikijua." Alikuwa anaongea taratibu, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya kitu ambacho hakununua. "Ungesema hapana, ningebonyeza."

Nikamwambia asante. Sijui kwa nini nilisema asante. Nikatoka kwa mlango wa jikoni, na Barasa alikuwa kwenye ngazi anakunywa chai. Nikakaa karibu yake. Mikono ikaanza kutetemeka, kisha magoti, kisha taya, miezi saba baada ya siku yenyewe. Akaniuliza nini kimenipata. Alinishikia kikombe mdomoni kwa mikono yake miwili mpaka nikaweza kumeza.